Zombi si adui, ni mtu aliyeibiwa: funzo la filamu ya mwaka 1943 kwa sinema ya Kongo

MAONI – Katika vibanda vya video vya Goma, Butembo, Bunia na Uvira, na siku hizi zaidi kwenye simu za mkononi, vijana wanapenda kutazama mazombi. Mtindo wa filamu hizo unajulikana. Ugonjwa unatokea mjini, wafu wanainuka, kundi linakimbia mitaani likiuma watu, na shujaa mwenye bunduki anawapiga risasi za kichwa mpaka barabara iwe wazi. Hakuna anayeuliza wafu wale walikuwa nani kabla ya kufa. Hakuna anayewalilia.

Kuna filamu moja ya zamani yenye kuenda kinyume na mtindo huo. Inaitwa I Walked with a Zombie, maana yake kwa Kiswahili "Nilitembea na Zombi". Ilitoka Marekani mwezi wa nne mwaka 1943. Haina rangi, inadumu dakika 69 tu, na ndani yake hakuna mtu anayeliwa wala anayepigwa risasi. Ilitengenezwa kwa pesa kidogo sana. Lakini miaka zaidi ya 80 baadaye, ndiyo inayoelewa vizuri zaidi zombi ni nani: si mnyama mwenye kuwinda watu, bali ni mtu aliyeibiwa nafsi yake ili mwingine amtumie.

Jambo hilo linahusu Kongo kuliko watazamaji wengi wanavyodhani. Neno lenyewe lina mizizi upande huu wa bahari. Na namna dunia inavyowatazama mazombi imekuwa pia namna inavyozoea kutazama watu halisi wenye kutembea kwa makundi barabarani, pamoja na wale wa Kivu na Ituri.

Kisa cha filamu

Betsy ni muuguzi kijana kutoka Kanada. Anapata kazi ya kumtunza mgonjwa kwenye kisiwa cha Saint Sebastian, kisiwa cha kubuniwa katika bahari ya Karibi. Mgonjwa ni Jessica, mke wa Paul Holland, tajiri mwenye shamba la miwa. Jessica anatembea, tena anafuata akiambiwa afuate. Lakini hasemi, hacheki, na hamtambui mtu. Daktari anaeleza kwamba homa kali iliharibu uti wa mgongo wake. Wafanyakazi weusi wa shamba wana neno lao fupi: zombi.

Betsy anaanza kumpenda Paul, na kwa sababu hiyo hiyo anaamua kumrudishia mke wake akiwa mzima. Dawa ya hospitali inashindwa. Ndipo Alma, mtumishi wa nyumbani, anamwambia kwamba kuna waganga wa Vodu ambao huenda wakamponya. Usiku, Betsy anamshika Jessica mkono, na wanawake wawili wanaingia katika shamba la miwa.

Safari hiyo ndiyo moyo wa filamu. Inachukua dakika chache tu na karibu hakuna neno linalosemwa. Mtazamaji anasikia upepo kwenye miwa na ngoma kutoka mbali. Anaona mnyama aliyekufa akining'inia mtini, na fuvu la kichwa njiani. Halafu, kwenye njia panda, taa ya Betsy inaangukia miguu ya mtu. Inapanda polepole mpaka usoni. Ni mwanaume mrefu, kifua wazi, macho yametoka nje na hayapepesi. Anaitwa Carrefour, jina ambalo mkaaji wa Bukavu au Goma hahitaji kutafsiriwa. Carrefour hasemi neno lolote katika filamu nzima, wala hamshambulii Betsy. Amesimama tu, kama mlinzi aliyewekwa pale na mtu mwingine na kusahauliwa.

Mwishoni inafunuliwa kwamba mama mkwe wa Jessica, Bibi Rand, anakiri kuwa ndiye aliyemwomba mganga amgeuze Jessica zombi. Alikuwa ameona mwanamke huyo anawagombanisha wanawe wawili, na akaamini hiyo ndiyo njia ya kuokoa jamaa yake. Je, ni homa au ni Vodu? Filamu haitoi jibu. Inaacha mtazamaji aondoke na swali moja: nani katika nyumba ile alikuwa na uwezo wa kumfanyia mwenzake jambo kama lile?

Pesa kidogo, giza la bure

Mwaka 1942 kampuni ya sinema ya RKO ilikuwa katika shida ya pesa, baada ya filamu za Orson Welles kuigharimu sana na kuingiza kidogo. Ikamwajiri Val Lewton, mzaliwa wa Yalta aliyekulia Marekani, asimamie kitengo cha filamu za kutisha za bei ndogo. Masharti yalikuwa matatu: kila filamu isipite dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina lake lichaguliwe na wakubwa wa kampuni. I Walked with a Zombie lilikuwa moja ya majina hayo. Lewton alipewa jina kwanza, na hadithi ikabidi itafutwe baadaye.

Mtu mwingine angetoa filamu ya haraka yenye kelele na kusahaulika. Lewton pamoja na mwongozaji wake, Jacques Tourneur, mzaliwa wa Paris, walichukua umbo la Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847 yenye kuhusu mwanamke kijana anayefika katika nyumba ya tajiri ambamo mke mgonjwa amefichwa, na wakalihamisha mpaka Karibi. Walipiga picha katika studio huko Hollywood. Hawakuwa na pesa ya kusafiri, wala ya kutengeneza majoka, wala ya kulipa maelfu ya watu wa kujaza barabara.

Walichokuwa nacho ni giza, na giza halilipiwi. Chumba chenye mwanga wa dirisha moja tu kinamlazimisha mtazamaji kujaza pembe zilizobaki kwa woga wake mwenyewe. Kivuli cha mtu ukutani kinatisha kuliko mtu mwenyewe, maana kivuli hakina sura ya kuizoea. Kimya nacho kina kazi yake. Muziki ukikatika ghafla, mtu hukaza masikio, na jani likisogea tu, moyo unaruka.

Linganisha na World War Z ya mwaka 2013, filamu ya mazombi iliyogharimu karibu dola milioni 190. Hata ukihesabu kupanda kwa bei tangu wakati wa vita vya pili vya dunia, tofauti ni kubwa mno. Katika filamu hiyo ya mamilioni, picha inayokumbukwa zaidi ni ya kundi la wafu wakipandana kama siafu mpaka juu ya ukuta wa Yerusalemu. Inashangaza macho, kweli. Lakini ni nani anayekumbuka uso wa mmoja kati yao? Carrefour yuko peke yake, na uso wake haufutiki.

Kwa kijana wa Kivu mwenye kamera ya kuazima na mafuta ya jenereta ya saa mbili, hilo si funzo dogo. Ukosefu wa pesa unafunga milango mingi, lakini mlango wa hofu uko wazi. Nyumba moja, njia moja yenye migomba pande zote mbili, upepo kutoka ziwani, na taa moja ya mkononi vinatosha, kama mtengenezaji anajua nini cha kuficha.

Neno lililovuka bahari

Wataalamu wengi wa lugha wanaunganisha neno zombi na lugha za Kongo ya magharibi na Angola. Katika Kikongo kuna Nzambi, jina la Mungu, na kuna maneno ya jamii ya nvumbi au zumbi yenye kuhusu maiti na roho za wafu. Kuhusu neno gani hasa lilizaa lingine, mjadala unaendelea. Kuhusu njia lililopitia hakuna ubishi mwingi: lilisafiri ndani ya meli za watumwa.

Mfalme Nzinga Mbemba wa Kongo, aliyejulikana pia kama Afonso wa Kwanza, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wanawakamata watu wake, hata wana wa wakubwa, na kumaliza nchi. Biashara haikukoma. Miaka mia mbili na zaidi baadaye, sehemu kubwa ya watu waliokuwa wakishushwa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, walitoka Kongo na Angola. Walipelekwa kwenye mashamba ya miwa, ambako kazi ilikuwa inaua watu haraka kiasi kwamba wenye mashamba walizoea kununua wengine badala ya kuwatunza waliokuwepo.

Ni katika mashamba hayo ndimo zombi wa Haiti alipata sura yake. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa na tumaini moja: roho kurudi Afrika, nyumbani kwa mababu. Hofu kubwa kupita zote ilikuwa kunyimwa hata hilo. Kufa, halafu kuinuliwa na bwana mwingine, na kuendelea kukata miwa bila mwisho. Zombi wa kwanza hakumuuma mtu. Alikuwa anafanya kazi. Jambo la kutisha halikuwa kukutana naye njiani, bali kuwa yeye.

Waamerika waliipata hadithi hiyo walipoikalia Haiti kijeshi kutoka 1915 mpaka 1934. Mwaka 1929 mwandishi William Seabrook alitoa kitabu, The Magic Island, chenye habari za wafu waliodaiwa kufanyishwa kazi katika miwa ya kampuni ya sukari ya Kimarekani. Miaka mitatu baadaye ikatoka filamu White Zombie, nayo ya pesa kidogo, ambamo wafu wanasukuma mashine ya kusaga miwa usiku kucha. Mmoja anaanguka ndani ya mashine, na wengine hawasimami.

Filamu ya Lewton na Tourneur ilifuata kunako 1943, na ilienda mbali zaidi. Katika bustani ya akina Holland imesimama sanamu ya Mtakatifu Sebastian aliyechomwa mishale, maji yakimtiririka mwilini. Wakaaji wanaiita Ti-Misery. Zamani ilikuwa mbele ya meli iliyoleta watumwa kisiwani. Mwendesha farasi mweusi anamweleza Betsy kwamba meli hiyo ndiyo iliyowaleta wazee wao wote wakiwa katika minyororo. Betsy, kwa unyofu wa mgeni, anajibu kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mzee hambishii. Anamwachia maneno yake kwa adabu ambayo mtu yeyote aliyewahi kumtumikia tajiri ataielewa. Baadaye Paul anamweleza muuguzi kwamba kwenye kisiwa hicho watu hulia mtoto anapozaliwa na hufurahi mtu anapozikwa, desturi iliyobaki tangu siku za utumwa.

Kwa hiyo zombi wa filamu hii hatoki kwenye virusi wala maabara. Anatoka kwenye meli, kwenye shamba, kwenye nyumba ya bwana. Filamu inamfahamisha mtazamaji ni nani aliyefanya nini.

Kasoro zake zisifichwe

Haifai kuisifu filamu hii kana kwamba haina doa. Ilitengenezwa na Wazungu wa Hollywood, kwa ajili ya watazamaji wa Marekani ya ubaguzi. Anayeliliwa zaidi ni mwanamke mweupe aliyevaa gauni jeupe, huku watu ambao mababu zao walifungwa minyororo wakibaki pembeni. Darby Jones, Mmarekani mweusi aliyecheza Carrefour, hakupewa hata neno moja la kusema. Theresa Harris, aliyecheza Alma, alikuwa msanii wa kipaji ambaye Hollywood ilimpa kazi za mtumishi mara nyingi kupita kiasi. Na Vodu, dini ya watu, inatumiwa kwa sehemu kama pambo la kutisha.

Hata hivyo ndani ya mipaka hiyo kuna jambo lisilo la kawaida kwa mwaka 1943. Weusi wa filamu hii si wajinga. Ndio wanaojua ukweli. Mwimbaji wa barazani, aliyechezwa na Sir Lancelot wa Trinidad, anaimba aibu ya jamaa ya Holland hadharani, na mabwana wanabaki kutazama chini. Alma anajua njia ya usiku. Mabwana wana nyumba, shamba na daktari, lakini hawajui kinachowapata.

Zombi alipopoteza bwana wake

Mwaka 1968 kijana wa Pittsburgh, George Romero, alitoa Night of the Living Dead kwa karibu dola 114,000, pesa zilizoanza kwa mchango wa marafiki. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Nayo ni filamu kubwa, na mwisho wake unauma mpaka leo: Ben, mwanaume mweusi aliyepigana usiku mzima ndani ya nyumba iliyozungukwa, anapigwa risasi asubuhi na kundi la Wazungu wenye bunduki waliodhani, au hawakujali kujua, kama ni mmoja wa wafu. Romero alijua vema hatari ya kumtazama mtu na kuona zombi.

Lakini katika filamu hiyo, ambayo hata neno zombi halitamkwi, jambo moja lilibadilika na halikurudi. Wafu wa Romero hawana bwana. Hakuna aliyewainua ili wamfanyie kazi. Wanakuja tu, wengi, wenye njaa. Romero aliutumia mtindo huo kukosoa jamii yake. Wengi waliomfuata walichukua njaa na kundi, na wakaacha ukosoaji. Tangu hapo, katika mamia ya filamu na michezo ya video, zombi ni wingi wa watu wasio na jina ambao ni halali kuwaua. Aliyewatuma, aliyefaidika, na alichowanyang'anya vimetoka kwenye picha.

Kwa nini jambo hili ni la Kivu na Ituri

Mtazamo huo haubaki ndani ya sinema. Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanajua picha ambazo dunia huwapiga. Mwezi wa tano mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mamia ya maelfu walitembea kuelekea Sake na Rwanda, magodoro kichwani. Januari 2025, vita vilipofika Goma, watu waliokuwa kambini Kanyaruchinya, Lushagala na Bulengo walifunga tena vitu vyao. Picha zilipita katika televisheni za ng'ambo: barabara, vumbi au matope, wingi wa watu. Mara nyingi hakuna jina la mtu hata mmoja. Mara nyingi, baada ya picha, swali linaloulizwa huko ni namna ya kuwazuia watu kama hao wasifike mpakani.

Aliyezoeshwa na filamu mia kwamba kundi lenye kutembea ni hatari, atamwona mhami kwanza kama hatari. Aliyekutana na Carrefour kwenye njia panda ana nafasi ya kuuliza swali jingine: ni nani aliyemtoa huyu nyumbani kwake?

Vilevile, zombi wa kale, yule wa kazi, hayuko mbali. Neno salongo, ambalo wakati wa Mobutu lilihusu kazi za pamoja za usafi na barabara, katika maeneo mengi yenye kushikwa na makundi yenye silaha limekuja kumaanisha kutolewa nyumbani kwa lazima kuenda kubeba, kulima au kuchimba bila malipo. Mtoto aliyepewa bunduki msituni na kufundishwa kutii bila kuuliza, naye anaijua hali hiyo kuliko mwandishi yeyote wa Hollywood.

Hata lugha ya Kiswahili chenyewe ilifika Maniema pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, katika zama za Tippu Tip, wakati Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vikubwa vya biashara hiyo. Watu wa magharibi walivushwa Atlantiki, wa mashariki wakapelekwa upande wa Zanzibar. Haishangazi kwamba wasemaji wa Kiswahili wa Tanzania nao wana jina lao kwa zombi: msukule, mtu aliyezikwa na kuliliwa, kumbe mchawi amemficha na anamlimisha usiku. Bahari mbili tofauti, hofu ni moja.

Wasiwasi wa wachungaji, na wa kweli zaidi

Kuna watakaosema kwamba nchi hii ina wafu wa kutosha, na kwamba filamu za namna hiyo zinaita mapepo. Wachungaji na mapadri wanaosema hivyo wanastahili kusikilizwa, maana wao ndio wenye kuzika. Lakini hofu isiyosimuliwa haiondoki. Inabaki tu bila mtu wa kuihoji.

Kuna wasiwasi mwingine ulio mzito zaidi. Katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee wametuhumiwa uchawi na kuuawa na makundi ya vijana. Filamu ya kutisha itakayomwonyesha bibi wa kijiji kuwa ndiye mwenye kuinua wafu inaweza kuongeza kuni kwenye moto huo. Hapo ndipo filamu ya 1943 inafundisha uangalifu. Haimnyooshei kidole maskini wa kijiji. Kidole chake kinarudi ndani ya nyumba kubwa, kwa mama tajiri aliyejifunza kusema kwa sauti ya miungu ili watu wamtii. Mwenye uwezo ndiye anayeulizwa.

Kongo ina watu wa kuibeba kazi hii. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata tuzo huko Cannes mwaka 2023 kwa Augure, filamu yenye kuhusu watu wanaobandikwa jina la mchawi na jamaa zao wenyewe. Yole!Africa imefundisha vijana wa Goma kushika kamera. Tanzania ilionyesha kitambo, kwa filamu kama Nsyuka ya Mussa Banzi, kwamba hofu ya nyumbani inauzika bila mamilioni. Na Haiti nayo ilishalipa sehemu ya deni: Raoul Peck, mzaliwa wa Port-au-Prince aliyeishi utotoni Kongo, ndiye aliyetoa filamu Lumumba mwaka 2000.

Kinachokosekana ni filamu ya zombi kutoka nchi ambayo ilimpa Haiti watu wake na labda neno lenyewe. Isiigwe ile ya damu nyingi na risasi. Milio ya risasi watu wa hapa wanaifahamu bila kulipa tiketi. Iwe na mtu mmoja mwenye jina, aliyekuwa na mke, shamba la muhogo na deni la mahindi. Iwe na usiku, upepo na hatua zisizo za haraka. Mwongozaji akishamwonyesha anayetembea, asimalizie hapo. Aigeuze kamera nyuma, amtafute mwenye kushika kamba.